Nilivyoandika jina la "tajiri Etape" kwenye nyumba ya wageni ya dada yangu, nusura tunyang'anywe

Wakuu, marahaba kwa wote, maana sidhani kama humu jukwaani kuna aliyenizidi umri. Kama yupo, basi shikamoo yake naiweka hapa ajichukulie.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja anayetaka kununua kiwanja kwenye kamji ka wavuvi huko pwani, ajenge vyumba vya kukodisha kwa watu wa likizo. Mmempa ushauri mwingi. Hati, maji, barabara, sola, hadi rangi ya mapazia.

Hakuna hata mmoja aliyemwambia habari ya kibao. Naomba nimwambie mimi, maana kibao kilitaka kututoa roho.

Niseme mapema kwamba mambo yaliisha salama. Sipendi watu wanaowaweka wenzao roho juu bure. Hata sasa nikikumbuka nashusha pumzi, halafu nacheka, halafu naona aibu, kwa mpangilio huohuo.

Na siyo chai. Yalinikuta mimi mwenyewe. Wale wa "picha iko wapi" wajue kwamba wakati huo mwenye kamera alikuwa padri peke yake, na hakuwa na muda wa kupiga picha za ujinga wangu.

Twende.

Mimi ni mtu wa Kabambare, Maniema, Kongo. Naishi Kigoma miaka mingi sasa, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooshwa kidogo. Ninayosimulia ni ya enzi ya Wabeleji, miaka michache kabla hawajafungasha virago.

Nilikuwa moniteri, yaani mwalimu wa shule ya misheni karibu na Kasongo. Kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Nilifundisha watoto kusoma kwa Kiswahili. Kifaransa nilikuwa nacho cha salamu, cha sala, na cha kuamrisha watoto wapange mstari.

Lakini watu waliamini najua Kifaransa chote, na mimi sikuwasahihisha.

Nilikuwa na dada mmoja tu, Mwavita. Nilimwita Yaya, maana kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wazazi walishafariki, yeye ndiye aliyenilea. Aliolewa Kasongo na mfanyabiashara wa mchele, mtu mpole sana, wakakaa bila kujaliwa mtoto. Yule mume akaugua, akafariki.

Eda ilipoisha, akaja mdogo wa marehemu, Shemeji Ramazani, na maneno ya desturi. Mjane wa kaka yake ni wake. Amrithi.

Yaya hakumtaka. Ramazani alikuwa tayari na wake wawili, na wote wawili ukiwasalimia walijibu wakiwa wanatazama chini. Yaya akasema afadhali alale njiani.

Wazee wa ukweni wakakaa kikao. Wakaamua hivi: mwanamke akiwa na nyumba yake, na jiko lake anapopika mwenyewe, aachwe. Asipokuwa na nyumba, aende kwa Ramazani. Na mimi nilikuwa nalala chumba cha misheni, ndugu hawaruhusiwi.

Kwa hiyo wakuu, mnaposikia hapa neno "nyumba", msifikirie faida. Ilikuwa ama ile nyumba, ama Ramazani.

Sasa kwenye uwekezaji wenyewe.

Ukitoka Kasongo kuelekea machweo unafika mto Lualaba. Pale palikuwa na gati, pantoni, na kijiji cha wavuvi Wagenya. Ng'ambo ndiyo njia ya kwenda kupanda treni.

Watu wa migodini, upande wa Salamabila, makarani na mafundi, walipopewa konje (ndivyo tulivyoita likizo ya kazi) walipitia pale na wake zao na masanduku yao. Pantoni ilivuka ikijisikia. Na wengi wakishaonja samaki wa pale, siku moja ya kungoja inakuwa nne, mke anasuka nywele, mume anaomba ndoano.

Walilala wapi? Barazani kwa wavuvi, na moshi wa kukaushia samaki.

Aliyeiona fursa ni Yaya, siyo mimi. Mimi nilikuwa nimesoma, nilikuwa sioni mambo ya hivyo.

Chifu akampa kiwanja kwa mdomo, mbele ya watu. Mchele wake wote aliobaki nao ukaingia mule, na baiskeli yangu nayo ikauzwa. Wagenya wakasimamisha miti, wakakandika udongo, wakaezeka, naye akawapikia wali na samaki kila siku ya kazi mpaka wakawa wanachelewesha kumaliza makusudi.

Vyumba vitatu vya wageni, kimoja chake, jiko nyuma. Madirisha yanatazama mto.

Wageni wakaja hata kabla chokaa haijakauka. Karani mmoja wa mgodini alikuja na mkewe kwa siku moja, wakakaa wiki. Mke alisema hajawahi kulala mahali ambapo hakuna ngoma ya kuamsha watu kwenda kazini. Wazee wa ukweni walituma mtu kuja kuchungulia, akaliona jiko linafuka, akarudi zake.

Yaya alianza kunenepa. Nilifurahi mno.

Na hapo ndipo msomi nikaamua kuchangia utaalamu.

Nikiwa mtoto, tukitoka kwetu kwenda misheni, tulikuwa tunapita Wamaza kwa miguu. Pale Wamaza palikuwa na nyumba moja nzuri, imepakwa chokaa, uwanja umefagiliwa, na juu ya mlango maandishi meusi: GITE D'ETAPE. Baadaye nikaiona nyingine Lusangi. Nyingine mbele. Maandishi yaleyale.

Nilimuuliza mlinzi wa Wamaza ile nyumba ni ya nani. Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye ugoro wake:

"Iko ya Bwana Mukubwa."

Nilipojifunza Kifaransa changu kile, nikapiga hesabu. D' nilifundishwa kwamba ni "ya". Basi ni Gite ya Etape. Gite ni nyumba. Etape ndiye mwenye nyumba.

Bwana Etape!

Wakuu, nilimwonea wivu yule Mzungu miaka mingi. Ana nyumba kila kituo, halafu haonekani hata siku moja. Nilimchora kichwani: mnene, mkimya, ana jino la dhahabu. Darasani nikiwa nimechoka nilikuwa nawaza, Etape alianzaje?

Mmeshaona ninakokwenda.

Nikajiambia, watu wote wanamjua Etape. Tukiweka jina lake, wageni watatuamini. Leo mnaita brandi. Nikachukua ubao, masizi ya sufuria na utomvu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ualimu, herufi zimesimama kama askari, GITE D'ETAPE. Nikagongelea juu ya mlango.

Yaya akaniuliza, "Umeandika nini pale?"

Nikamwambia, "Kifaransa, Yaya. Inavuta wageni."

Akaniamini. Ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakuuliza mara ya pili.

Wiki ileile mambo yakaanza kuwa mazuri kupita kiasi. Asubuhi Yaya anafungua mlango, anakuta mtungi wa maji. Kesho yake kuni. Keshokutwa mayai kwenye jani. Hakuna anayedai kitu.

Nikasema watu wa mto bwana, wakarimu!

Yaya hakufurahi. Aliniambia yule mama aliyeleta mayai alikuwa rafiki yake wa kupiga naye soga, na siku ile aliyaweka chini akaondoka kama anakimbia mvua.

Halafu wageni wakakata. Wanashuka kwenye lori, wanaitazama nyumba, wanavuta masanduku yao kwenda kulala kwenye moshi. Mmoja, tena aliwahi kulala kwetu, alipoitwa na Yaya alivua kofia akasema "hapana, mama, asante, miye sina kosa."

Sina kosa! Mimi nilicheka. Nikadhani mtu wa watu amekunywa.

Aliyetufumbua macho ni yule mama wa mayai, mke wa mvuvi mmoja. Yaya alimfuata hadi kwenye nyavu zao akamkamata mkono. Mama yule akalia.

"Mwavita, juu ya nini ulipatia Leta nyumba yako? Sasa siye njo tunaleta mayai yako kwa lazima. Kapita alisema mutu asipoleta, atafungwa."

Kwa msiojua, Leta ndiyo serikali. Serikali ya Wabeleji. Kapita alikuwa msimamizi wa kijiji, mtu wa kuhesabu watu na kuwapeleka kwenye kazi za lazima. Na zile nyumba za Wamaza na Lusangi zilikuwa za Leta, za kulala maofisa wakiwa safarini. Wanakijiji ndio waliozijenga bila malipo, na ofisa akija wanapeleka maji, kuni na mayai, watake wasitake.

Wavuvi hawakujua kusoma. Lakini sura ya yale maandishi waliijua kuliko mimi niliyeyaandika.

Yaya akaja misheni kwa miguu, mwendo mrefu, vumbi hadi kiunoni. Akaniuliza, "Uliandika nini?"

Wakuu, hapa naomba msinitukane sana. Mimi nilielewa nusu. Nilidhani Bwana Etape ni rafiki wa Leta, amepata habari kwamba jina lake limeibwa, na sasa natafutwa. Ningesema pale pale "Yaya, sijui nilichoandika," mambo yangekwisha siku ile. Ubao ungeng'olewa, ungekuwa kuni.

Nikamwambia, "Ni Kifaransa cha ndani sana. Huwezi kuelewa. Nitashughulikia."

Kiburi kibaya, jamani.

Kabla sijashughulikia, akaja ofisa wa Leta kwa ziara. Mzungu mfupi, kitambi, watu walimpa jina la Bwana Kipipa. Kapita alimtangulia, kifua mbele, akamwonyesha nyumba. Bwana Kipipa akalala usiku mmoja, akala samaki wa Yaya, akasifu. Asubuhi akafungua daftari lake na kuuliza mbona nyumba hii haimo.

Kapita akasema, "Bwana, iko mupya. Watu yangu njo walijenga."

Alitaka sifa. Na pengine aliamini, maana ubao ulikuwa pale juu.

Yaya akajitokeza, akasema nyumba ni yake. Bwana Kipipa hakumkaripia. Alimuuliza kwa kile Kiswahili chao, "Karatasi iko wapi?" Karatasi hakuna, chifu alitoa kwa mdomo. Yule Mzungu akaonyesha juu ya mlango kwa kalamu. "Wewe hapana karatasi. Mulango iko na mandiko. Mandiko nasema gite."

Akaandika kwenye daftari. Akasema anavuka ng'ambo kwa siku chache, akirudi akute vyumba vitupu. Yaya akitaka, atapewa kazi ya kufagia.

Habari zilifika Kasongo haraka kuliko lori.

Siku ambayo Bwana Kipipa alitarajiwa kurudi, niliomba ruhusa nikaenda mtoni tangu alfajiri. Nilipofika, Shemeji Ramazani alishafika. Ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa Yaya, kamba mpya imefungwa kwenye karia, mwenyewe amekaa juu ya kinu, anachokoa meno.

"Nimekuja kumusaidia kubeba vyombo," akaniambia. "Nyumba ya Leta haina mwanamuke."

Ndani, Yaya alikuwa amefunga sufuria zake kwenye kitambaa. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono juu ya lile furushi, anautazama mto kupitia dirishani. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilitoka nje kumngoja Mzungu.

Pantoni ikagonga gati. Bwana Kipipa akashuka, akapanda hadi nyumbani, kapita mbele, watu wa kijiji nyuma, na humo humo nikawaona wazazi watatu wa wanafunzi wangu. Nikajua nikifungua mdomo, kesho misheni yote itajua. Na mwalimu aliyeiba jina la Mzungu, kazi hana, labda jela anayo.

Nikapiga magoti mbele ya viatu vyake.

"Bwana, nihurumie. Huu ubao niliandika miye. Nyumba iko ya Yaya wangu, alijenga kwa muchele yake. Niliiba jina la Bwana Etape. Nitamuomba musamaha mwenyewe, unionyeshe tu fasi anakaa."

Bwana Kipipa akainama.

"Jina ya nani?"

"Bwana Etape. Mwenye nyumba ya Wamaza. Na ya Lusangi."

Nikaona masikio yake yanakuwa mekundu, nikajua nimekwisha. Kisha kile kitambi kikaanza kutikisika. Alicheka yule mtu! Alishika nguzo ya baraza. Alijaribu kusema, akashindwa, akafuta macho kwa kofia, akaanza upya.

"Etape hapana mutu!" akasema alipopata pumzi. "Etape... mutu natembea, nachoka, nalala. Kesho natembea tena. Ile fasi ya kulala, ile njo etape. Hapana mutu!"

Watu walichukua kitambo kuelewa. Mmoja akaelewa, akamweleza mwenzake, na kicheko kikashuka hadi gatini. Wazazi wa wanafunzi wangu walicheka kuliko wote.

Mimi bado niko magotini. Nilikuwa nimekionea wivu kituo cha kupumzikia.

Bwana Kipipa akamgeukia kapita. "Wewe nasema watu yako najenga?"

Kapita akatazama ubao, akanitazama mimi, akatazama ubao tena. "Bwana... miye niliona mandiko."

"Nani alijenga?"

Wagenya wakajibu kwa pamoja, safari hii bila woga. Wakataja na siku walizokula wali. Mvuvi mmoja akaongeza kwamba siku ya kuezeka pilipili ilizidi, Mwavita akafoka kutoka ndani kwamba haikuzidi, na kwa kweli nadhani hapo ndipo Mzungu alipoamini. Kazi ya Leta haina mtu anayegombania pilipili.

Alitoa daftari, akapiga mstari juu ya alichoandika. Akaniamuru ning'oe ubao kwa mikono yangu mwenyewe. Niliung'oa, kidole kikachanika, na sikuwahi kusikia raha kama ile. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja mbele ya watu wazima.

Shemeji Ramazani alifungua ile kamba mpya kwenye karia, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akapanda baiskeli. Hakuna aliyemwambia kwaheri isipokuwa Yaya, na alimwambia kwa heshima zote.

Nilimuuliza Yaya, sasa niandike nini pale juu?

"Usiandike kitu," akasema. "Nenda ule."

Siku ya pili yake alilala mpaka jua likapanda. Yaya, ambaye tangu nimjue aliamka kabla ya jogoo! Wageni walishaanza kushuka kwenye lori. Niliwakalisha barazani nikawaomba wasubiri, mwenye nyumba amelala.

Misheni habari ilifika kabla yangu. Padri hakunifukuza. Alinikalisha dawati la mbele kwenye darasa la Kifaransa, katikati ya watoto, kwa muda ambao sitautaja humu. Na wanafunzi walinibatiza jina mnalolijua: Bwana Etape.

Sasa kijana wa kiwanja cha pwani, nisikilize babu yako.

Jenga. Biashara ya kulaza watu ni nzuri, na watu wa likizo wakipenda mahali wanarudi. Lakini usiweke mlangoni neno usilolijua kwa sababu tu umeliona kwa wakubwa. Waulize kwanza wenyeji wanasikia nini wakiliona. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo. "Sijui" ni neno la dakika moja, mimi nililikwepa majuma kadhaa, na aliyekuwa anafunga sufuria hakuwa mimi.

Karatasi nazo chukua. Hilo walishakwambia.

Yaya aliishi kwenye nyumba ile mpaka uzee wake. Alipofariki waliirithi binti zangu wawili. Nyumba ndiyo iliyorithiwa, wakuu. Yeye hakurithiwa na mtu.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunicheka anicheke, nimeshazoea tangu siku ile. Lakini na wewe mwenye duka, gesti au saluni yenye jina la kigeni, tuambie hapa chini: unajua maana yake?